Dodoso

Mtafiti wa chuo kikuu kaniachia kurasa nne.
"Weka alama, Mwalimu Nyevu, moja hadi tano:
moja, huridhiki kabisa; tano, waridhika mno."
Nikasaka kalamu chini ya neti za voliboli,
maana ofisi yangu ni stoo ya michezo,
na pampu ya mipira ndiyo karani wangu.

Faragha?
Dirisha halina kioo, na nje ni foleni ya uji.
Tumezoea, mimi na wanaolia,
kunong'ona kama wezi
ndani ya shamba lao wenyewe.

Mzigo wa kazi: vipindi ishirini na sita vya Kiswahili,
halafu, "ukipata nafasi," watoto mia sita na arobaini.
Nafasi!
Siku nilipoipata nikamfuata Kahaso hadi kwao Barani,
sare yake ilikuwa keshaivaa mdogo wake.

Mkuu wetu, Bwana Ngumbao, si mtu mbaya.
Hubisha hodi.
Ila akishaingia huuliza, "Ni nani yule? Mimba ya nani?"
Nikisema siri ina mwenyewe, hucheka:
"Mwalimu, hapa si hospitali."
Jioni jina langu limo
kwa wasimamizi wa mtihani wa Jumamosi.

Penye posho niliruka.

Na hakuna swali lililouliza
mpokea mizigo huitua wapi.
Usiku, Kisumu Ndogo, naosha sufuria
na maneno ya mtoto wa watu yananielea kwenye povu.
"Mbona kimya?" mume wangu huuliza.
Maji ya Malindi yana chumvi leo, namwambia.

Kalamu ilikuwa juu ya moja, ukurasa wa nne,
mlango ukagongwa kwa ukucha.
Changawa, kidato cha pili:
siku arobaini hajatamka neno
tangu kisima kimmeze kaka yake.
Akaketi juu ya gunia la mipira.
Sikumuuliza kitu.
Nikauchana ule ukurasa, nikaugeuza, nikamsogezea na kalamu.

Akachora ngazi.
Ngazi tu, kipandio juu ya kipandio,
mpaka karatasi ikamwishia.
Kisha akasema, "Ingefika."

Kesho mtafiti atahesabu kurasa tatu.
Ile ya "Kwa jumla, unairidhia kazi yako?" haimo.
Aandike atakavyo.
Na kalamu pia, Changawa kaondoka nayo.