Feni ya Kumi na Saba

Kipimo changu kilisema thelathini na nane.
Sheria inaruhusu arobaini usiku.
Nikamwonyesha Bi Wiebrig namba zile, zinang'aa kijani,
naye akanitazama kama mtu aliyeletewa risiti
badala ya mkate.
"Weka mkono hapa," akasema.
Kioo cha dirisha kilikuwa kinatetemeka,
si sana: kama ubavu wa paka aliyeshiba.

Ng'ambo ya shamba la viazi,
chini ya tuta linaloizuia bahari isiingie Groningen,
limelala jumba lisilo na madirisha.
Ndani mna picha za harusi za watu wa Lisboni,
madeni ya watu wa Osaka,
barua ambazo hakuna atakayezisoma tena,
na vyote hivyo vina joto, ungedhani vina homa.
Ndiyo maana ya feni tisini na sita juu ya paa,
transfoma nane zinazoguna mara mia kwa sekunde,
jenereta zinazokohozwa kila Jumanne ya kwanza
zisije zikasahau kukohoa siku umeme ukikatika.

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka.
Hii haipasuki. Ina mkataba wa matengenezo.

Aliyenilipa ni jumba, si yeye.
Nikamweleza: kipimo hufuata sikio la mwanadamu,
na sikio huzipunja sauti nene,
basi kipimo nacho huzipunja.
Mwanawe, Harm, akauliza kutoka jikoni:
"Sikio la nani?"

Nilirudi Alhamisi na begi la nguo za kulalia.
Upepo ulikuwa umekufa. Saa nane usiku
nikaisikia: si mvumo,
ni kuja na kwenda kwa mvumo,
wuuu,
       kidogo kimya,
wuuu,
kama mtu mlangoni anayetaka kusema jambo
akaghairi, akataka tena.
Mvumo ulionyooka mtu huulalia, kama mvua.
Huu ulizihesabu pumzi zangu
na kuzikosea makusudi.

Asubuhi nikapanda paani.
Feni ya kumi na saba: mizunguko mia tisa kwa dakika.
Feni ya kumi na nane: mia tisa na mitatu.
Mitatu tu.
Majirani wawili wanaosema neno lile lile,
kila mmoja akitaka kulimaliza kwanza.

Fundi Roelof alibishana nami kuhusu dhamana
mpaka kahawa ikapoa.
Halafu tukabadilisha mipira iliyokauka chini ya miguu ya mtambo,
tukalikata bomba lililokuwa likigusa ukuta kwa kiwiko,
tukapunguza mwendo wa usiku, saa ambazo baridi ya bahari ni ya bure,
na zile mbili tukazifunga kwenye mwendo mmoja,
kama maksai.

Kipimo changu kilisema thelathini na saba.
Moja tu. Kwa moja mtu hapandishwi cheo.

Bi Wiebrig alinipigia baada ya wiki.
Hakusema asante; watu wa huku
hawalipi kabla ya kuhesabu.
Alisema, "Bado ipo. Lakini sasa imekaa."
Akaniambia ameona mambo za vipimo zimechomekwa mashariki,
nyekundu, kwenye matope:
ukumbi wa pili, feni mia na ishirini.
Nilikuwa najua. Mchoro ulikuwa mezani kwangu
na saini yangu pembeni.

Nilipopita kulichukua begi nililosahau,
alinifungulia kabati la vikombe vya mamake.
Kimoja, chenye ndege wa buluu,
kilikuwa kimekaa miaka miwili juu ya kipande cha kadibodi
kisije kikagongana na mwenzake usiku.
Akakivuta kile kipande mbele yangu,
akakitia mfukoni, akafunga kabati.
Harm akazima redio.
Tukasimama watatu, tumezuia pumzi,
tukikisikilizia kikombe
kama watu waliotega panya.