Kitabu cha Bluu, Kitabu cha Kijivu

Kwenye rafu ya Dudzik na Binti, madalali wa hisa,
ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu, mjini Buffalo,
vilikaa vitabu viwili bega kwa bega
kama wake wenza wasiosalimiana:
cha bluu cha chama cha madalali,
cha kijivu cha soko lenyewe.
Vyote viwili vilisema, Usimwibie mteja.
Kila kimoja kwa kurasa mia sita.

Mimi ndiye niliyevilea, miaka kumi na saba.
Cha bluu kilitaka barua za malalamiko zitunzwe miaka minne,
cha kijivu mitatu, ila kwa nakala mbili.
Cha bluu kilisema meneja "atakagua",
cha kijivu, meneja "awe amekagua",
na katika ufa kati ya vitenzi hivyo
zilidumbukia Jumamosi zangu.

Wakaguzi nao walikuwa wawili.
Jumanne alikuja Bwana Pruitt, sandwichi mkobani,
akafungua droo, akasoma, akafunga.
Alhamisi akaja Bi. Lindqvist,
theluji ikimchuruzika mabegani,
akafungua droo ileile.
Nikamwambia, mwenzako ametoka hapa juzi.
Akasema, Mwenzangu yupi?

Njia mbili zilimshinda fisi.
Sisi tulizipita zote, na kila moja ilikuwa na faini.

Kisha barua: vyama vinaungana, kitabu kitakuwa kimoja,
watafutwe watu wa kampuni ndogo waje kupatanisha.
Halina Dudzik akanisukumia tiketi ya treni.
"Nenda wewe. Mimi huko nitatukana."

Washington, chumba kisicho na dirisha.
Tulizipanga kanuni mbili mbili, kama soksi baada ya kufua.
Zilizolingana tuliziviringa pamoja.
Zilizokosa mwenza tulizitandaza mezani,
tukazitazama.

"Hii inafanya nini?" aliuliza Achterberg, mwanasheria kijana.
Mistari miwili ya kijivu:
dalali asimpigie simu mteja aliyefiwa
kabla ya siku thelathini.
Hapakuwa na tanbihi. Hakuna aliyejua.
Penseli nyekundu ikainuka.

Nikasema, subiri.
Nilimkumbuka Teofila Gorski wa Lackawanna.
Mumewe alizikwa Jumatatu.
Jumatano dalali mmoja (si wetu, wa mtaa wa pili)
alikuwa jikoni kwake, anakula keki ya msiba,
anamwonyesha pa kutia sahihi.
Akiba yote ya kiwanda cha chuma
ikaingia kwenye hisa za mgodi
ambao hata shimo haukuwa nalo.

Sikujua kama kanuni ilizaliwa pale.
Pengine jiko lingine, mji mwingine, keki nyingine.
Nilisema tu: aliyeiandika alikuwa na hasira.
Tazama ilivyo fupi.

Achterberg akaiweka penseli chini.
Hakuifuta. Wala hakuibakiza.
Aliandika pembeni, Tuirudie mchana.
Mchana tulikula, tukarudi, tukaanzia ukurasa mwingine.

Leo kitabu ni kimoja, na hakina rangi;
kinaishi ndani ya kompyuta.
Mkaguzi ni mmoja, droo hufunguliwa mara moja.
Sitasema uongo: ni nafuu. Jumamosi nalala hadi saa nne.
Mshika mbili, moja humponyoka, wanasema.
Mimi nilishika mbili, hakuna kilichoniponyoka,
na sasa nashika kimoja
na mkono wa pili sijui niuweke wapi.

Ila kila toleo jipya likija,
kabla sijasoma chochote, natafuta neno moja: aliyefiwa.
Lipo. Limehamia kifungu cha nane, aya ndogo ya tatu.
Sentensi imerefuka. Imepoa.
Siku thelathini zimekuwa "muda unaofaa".

Nimeuchapisha ukurasa huo mmoja,
nikaandika pembeni kwa kalamu, 30,
nikaubandika ukutani, juu ya simu.