Dirisha Namba Tatu

Baba amepona tangu Jumanne.
Leo ni Ijumaa.
Daktari ameshatia sahihi, dripu imeshatolewa,
viatu viko chini ya kitanda vikielekea mlangoni,
lakini kitanda bado kinahesabu
kama teksi iliyoegeshwa huku mita inakimbia.

Hapa ni Upper Hill. Pana zulia.
Pana jagi la maji yenye vipande vya limau,
na mlinzi mpole sana
mwenye orodha ya wasioruhusiwa kutoka.

Mimi ndimi mweka hazina wa ukoo:
waliotoa nimewaandika kwa kalamu,
walioahidi nimewaandika kwa penseli.
Kurasa za penseli ni nyingi.

Kushoto kwangu Mwadime, muuguzi wa serikali,
miaka kumi na tisa katika wodi ya wanaume;
hata akila mkate vidole vyake vinanuka spiriti.
Kulia kwangu Mghoi, muuza bima,
simu mbili, na sauti ya kumshawishi samaki anunue mwavuli.
Mama mmoja, ziwa moja,
na leo wanarushiana maneno juu ya utosi wangu.

"Tuchange sote chungu kimoja," asema Mwadime,
"mwenye ghorofa Kilimani, mwenye toroli soko la Wakulima,
kila mtu kwa kadiri yake. Ukiugua, unatibiwa. Basi.
Kwani zimamoto huuliza kadi kabla ya kufungua maji?"

"Zimamoto gani?" Mghoi anacheka.
"Lile gari linalofika bila maji?
Chungu kimoja, sawa, kaka. Mwiko kashika nani?"

"Na chungu chenu je? Mnamkagua mtu meno
kama punda wa mnadani. Mzima mnamkumbatia,
mwenye sukari mnamwambia tutakupigia."

"Angalau hapa mashine zinawaka.
Hapa daktari hagomi."

"Hapa," ajibu Mwadime, "baba yako ni rehani."

Foleni nzima inageuka.
Mwanamke aliyepakata bahasha ya hati ya shamba
anatikisa kichwa, sijui anamuunga mkono nani.

Nageuza kurasa.
Kuna mambo hayamo daftarini.
Haimo ile fomu ya bima ya Baba
aliyoijaza Mghoi kwa mkono wake,
kampuni yake ikamrudishia barua ya mistari miwili:
umri, na figo.
Aliificha chini ya godoro. Niliiona nikitafuta chaja.

Wala haumo usiku ule wa mvua
Baba akiwa katika wodi ya Mwadime, wawili kitanda kimoja,
mashine ya kusafisha damu imebandikwa karatasi, MBOVU,
na karatasi yenyewe imeshageuka rangi.
Ni Mwadime huyuhuyu, wa chungu kimoja,
aliyenivuta nje ya lango akiwa na sare yake, imelowa,
akaninong'oneza: "Mtoeni hapa.
Mpelekeni popote. Nitauza ploti."

Sisemi kitu. Najumlisha upya,
kana kwamba jumla itaona haya.

Saa kumi jioni tunampandishia Baba chai, sote watatu.
Haulizi bili. Ameacha kuuliza bili.
Anauliza, kama alivyouliza jana na juzi,
habari za yule kijana wa Dandora
waliyelala naye mzungu wa nne.
"Okinda. Usiku alikuwa ananifunika miguu
kwa sweta lake la shule.
Alipata kitanda?"

Mwadime anatazama dirishani.
Mghoi anatafuta mkobani kitu kisichokuwemo.
Chai inapoa, inafanya utando.

Nafungua daftari, ukurasa wa mwisho,
naandika *Okinda*, kwa penseli,
na mbele ya jina
naacha nafasi ya kiasi.