Kabla ya Kuigawa

Mpwa wangu Gocha kapiga simu kutoka Batumi:
"Shangazi, futa tu. Futa yote, weka mpya.
Nani siku hizi anahangaika na kilichokuja na boksi?"
Nikamwambia nitafikiri. Nilikuwa nimeshafikiri.

Mwaka wa tisini na mbili niliuza kabati la mama
kwa gunia la unga, nikasahau kwenye droo
picha ya pekee ya baba yake Gocha
akiwa na meno ya utoto.
Kabati likaenda. Mnunuzi sikumwuliza jina.
Tangu hapo, kabla sijagawa kitu, nafungua droo zote.

Kompyuta yenyewe ni ya mkopo, miezi ishirini na minne,
kutoka duka la karibu na Daraja Jeupe, hapa Kutaisi.
Imekuja na mfumo wake tumboni. Haina CD, haina karatasi.
Kila asubuhi inanikaribisha kwa tangazo la mchezo wa karata,
kisha inaniuliza, kwa Kijojia kibovu, kama nina furaha.
Siipendi. Niseme wazi: siipendi.
Lakini mahesabu ya duka la dada yangu Lamzira
hayafunguki penginepo.
Ni mbachao wangu, japo unawasha.

Nikafungua orodha ya sehemu za diski.
Nilidhani nitakuta moja. Nikakuta tatu.
Moja ndogo kama kiganja, haina jina wala herufi:
ndimo mashine inamojikumbuka inapoamka.
Moja kubwa, sebule.
Na huko mwisho, nyuma ya ukuta, chumba cha giza
walichokificha kiwandani,
mna mbegu ya kuizaa upya.
Gocha angeifuta bila kujua kwamba ipo.
Miaka thelathini na moja nimefundisha fizikia
na sijawahi kukionea huruma
kitu kisicho na uzito.

Badri wa ghorofa ya tatu, mpiga video,
akaniazima diski yake ya nje, nzito kama tofali.
Harusi arobaini na moja zikasogea kumpisha mgeni.

Nakili, nikaiamuru. Zote tatu. Hata ile isiyo na jina.
Saa mbili na dakika arobaini, ikakadiria.
Nikabandika maharage.
Asilimia kumi na mbili. Thelathini. Mvua juu ya bati la roshani.
Sabini na moja,
umeme ukakatika mtaa mzima.
Kompyuta ilikuwa na betri yake; diski ya Badri,
inayokula umeme wa ukutani, ikanyamaza
kama mwalimu aliyeingiliwa darasani.

Nusu ya nakala si nusu ya kitu.
Nikala maharage gizani.
Uliporudi, nikaanza sifuri.

Baba alifukia divai ardhini
kwenye mtungi uliokuwa mrefu kuniliko,
akaziba mdomo kwa udongo, akawa kimya miezi.
Halafu siku moja, bila sherehe, anafukua kidogo, anaonja.
"Mtungi usioonjwa," alisema, "ni uvumi."

Basi saa sita usiku nikaizima mashine,
nikaiwasha kwa flashi ya uokozi,
nikaiuliza: unaiona nakala?
Inaiona. Nikafungua faili moja, la Lamzira, la mwezi wa tatu:
sukari, kiberiti, deni la jirani asiyelipa.
Vyote vipo. Hata deni.

Ndipo nikausogeza mpaka.
Sebule ikapungua, kiwanja kikabaki wazi
kwa huyo mgeni ambaye Gocha anamsifu sana.
Kesho, nikiwasha, majina mawili yatasimama kwenye kioo cheusi,
nami nitapewa sekunde kumi za kuchagua.
Zinanitosha. Zamani sikupewa hata moja.

Kabla ya kulala nikakata plasta,
nikaibandika kwenye diski ya Badri, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito:
Mzevinari. Usifute.
Hii si harusi.