Harufu ya Salfa

Miaka mitatu mwanangu alinikimbia.
Nikirudi kutoka shambani Kitangari, pampu mgongoni,
Shaweji akisikia tu kiatu changu uani
anajibana nyuma ya pipa la maji,
viganja masikioni, analia mpaka sauti inakauka.

Nikasema: mtoto huyu hanipendi.
Mama yangu akasema: amechezewa.
Bi Nankondo wa jirani akasema makubwa zaidi,
kwa mnong'ono wake ule unaovuka ua.

Namwita mara saba, hageuki.
Lakini bibo moja likidondoka juu ya bati la jiko
yeye ndiye wa kwanza kusikia.

Nakiri. Siku moja nilimshika kidevu,
nikamgeuza uso kwa nguvu:
"Nitazame! Mimi ni baba yako!"
Macho yakapita juu ya bega langu, yakaenda zake,
kama ya mtu anayetafuta mlango.
Sijakisahau kidevu kile.
Kilikuwa kidogo.

Mwezi wa saba tukampeleka Ndanda.
Daktari, binti mdogo tu, alikaa sakafuni, hakumwita.
Akapanga naye vizibo vya soda, kimya, saa nzima,
mimi nikihesabu nauli.
Kisha akasema: usonji.
Neno ambalo kwetu halijapata hata methali.
Nikauliza, dawa yake?
Naye akaniuliza: "Ukitoka shambani, baba, unanukaje?"

Ninanukaje!
Nani Newala, majira ya kupuliza, hanuki salfa?
Njia nzima nilinuna.
Tulipofika Masasi nikainusa kola yangu.
Ikanipalia.
Nikajiuliza: kama mimi inanipalia,
yeye anayesikia bibo likiachia tawi?

Siku hizi nina ndoo chini ya mkorosho wa mwisho,
kipande cha sabuni ya mche, shati la pili.
Maji yenyewe ya kununua, dumu kwa dumu.
Wanacheka: Nachundu anaoga porini kama bwana harusi.
Wacheke.

Mjomba wake anauliza habari za jando,
zile ngoma, usiku kucha.
Sina jibu. Nimemwambia asubiri.

Naingia uani pekupeku. Simwiti.
Nakaa hatua tatu kutoka kwenye mstari wake:
korosho za mwaka jana, toka pipani hadi kizingitini,
zote migongo imeelekea jikoni.

Jana akasimama. Akazunguka pipa. Akaja ubavuni.
Hakunitazama.
Akauchukua mkono wangu
kama mtu anavyochukua kinu cha jirani,
akaufungua, kidole baada ya kidole,
akaweka korosho moja.
Akaondoka. Akarudi.
Akaigeuza kidogo: mgongo jikoni.

Mama yake akaniita nikale.
Sikusogea.
Mguu ulikufa ganzi, giza likaingia,
nami bado nimekunjua kiganja.