Kitembe

Kabla ya sauti kuja, nilikuwa na fimbo.
Nilisimama kando ya shuka jeupe
katika ukumbi wa Vitaldasi, nyuma ya Mtaa wa Bazaa,
nikiwaeleza watu: huyu anamdai yule,
huyu ni mke, hapana, huyu ni dada yake,
sasa tazameni, bastola.
Senti kumi na tano kwa usiku, na chai.

Na kwenye shuka alikuwa Feruzi.
Feruzi akiinua nyusi, benchi la mbele linanyamaza.
Feruzi akigeuza bega tu,
akina mama wa Pangani wananong'onezana, keshajua huyo,
nami sijafungua kinywa.
Nilimwonea wivu. Niseme kweli:
mara nyingine nilimpachika maneno ya kijinga makusudi,
na bado alikuwa mzuri.

Kisha ikaja mashine ya kusema,
imeviringishwa magunia ndani ya behewa kutoka Mombasa,
na santuri kubwa kama sinia za pilau.
Wakatundika mablanketi ukutani, wakafukuza kuku wa jirani,
wakamwambia Feruzi: haya, sema.
Alikuwa na mstari mmoja, wa kumwambia binti dirishani:
Siku saba nimesubiri sauti yako.

Akasema:
Thiku thaba nimethubiri thauti yako.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lilikuwa baya.
Vitaldasi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.
Halafu wote wakanigeukia mimi
niliyekuwa mlangoni na fimbo yangu isiyo na kazi.
"Hatibu," wakasema, "wewe S unayo."

Nikausema mstari ule mara kumi na moja
huku yeye mbele yangu akifumbua na kufumba mdomo
kama mtoto anayelishwa uji.
Jasho lake, pumzi yangu.
Shilingi tatu. Jina langu halikuandikwa.

Mji mzima ukaipenda sauti ya Feruzi.
Kariokor wauza mkaa walimsimamisha:
tupe ile, Bwana, ile ya siku saba!
Akatabasamu, akagusa kofia, akapita.
Dukani akaanza kununua kwa vidole:
viwili, mkate; kimoja, mafuta ya taa.
Akaacha kusalimu. Watu wakasema anaringa.
Mkewe ndiye aliyenijia, akanikazia macho kama mdai:
"Nyumbani pia hasemi. Umemfanya nini?"

Usiku mmoja akaja kwangu Majengo,
mvua ya Aprili, viatu mkononi.
Hakutaka kiti. Akanyoosha kidole kwenye koo langu,
kisha kwenye lake.
Nikamfundisha. Ulimi nyuma ya meno, namna hii, ssss, kama birika.
Mpaka jogoo. Ulimi wake ulikuwa na hiari yake.
Mwisho alitamka neno moja tu:
"Bathi."
Nikacheka kidogo, naye akacheka, lakini si kicheko kimoja.

Ijumaa ya mwezi wa tano santuri ikapasuka
katikati ya mstari. Siku sa—
Binti dirishani anangoja. Feruzi wa shukani
anaendelea kufumbua mdomo, hakitoki kitu.
Miluzi. Mabenchi yakapigwa ngumi.
Nilikuwa nyuma, karibu na jenereta, na nilijua kazi yangu:
kuinuka, kusema, mara ya kumi na mbili.

Lakini benchi la mwisho mtu alikwisha kusimama,
kofia kifuani.

Thiku thaba, alisema,
nimethubiri
thauti yako.

Na mdomo wangu, gizani, sijamwambia mtu hili,
ulikuwa ukimfuata neno kwa neno, bila sauti.

Msichana mmoja akacheka. Kisha ukumbi wote,
vibaya sana, mpaka taa zikawashwa.
Hakuketi. Akarudia.

Sitawadanganya kwamba walimshangilia.
Ila mwezi ule mzima watoto wa Pumwani,
wakigombea mpira wa matambara,
wakisukumana na madebe bombani,
thiku thaba, weye, thiku thaba!
Niliwasikiliza kila jioni, nikipita polepole.
Hakuna hata mmoja aliyeisema kwa S.