Kumi

Mama wa Masaki ameleta magofu sita ya Roma,
karatasi za kale, rangi ya chai iliyopoa.
Anataka fremu za dhahabu, kioo kisichong'aa.

Napima nguzo zilizokatika, tao lenye magugu,
mbuzi wawili wamelala alipokaa Kaisari.
Pembeni, kwa wino mwembamba: X.
"Hiyo ni kumi," ananielimisha. "Kirumi."

Kumi.
Kwetu Kimara ilikuja na brashi, nyekundu,
ikachuruzika hadi dirishani kwa shangazi Sekunda.
Jumatatu greda, Jumanne kifusi.
Picha hata moja sikupiga.

Nafuta kioo kwa gazeti,
naanza kugonga.
"Taratibu, fundi, magofu hayo yana thamani."

Sijibu.
Nimebana misumari mdomoni.